Mpima Aliyeona Patupu

Mpima aliogopa ngazi. Watu hawaamini nikiwaambia, maana mtu huyu aliijua Simiyu kutoka juu kuliko mwewe. Lakini taa ya ofisini kwake ilipoungua alikuja kusimama mlangoni pangu na balbu mkononi, akakohoa, akasubiri nimuulize. Nikapanda mimi, na gauni langu na magoti yangu, yeye akashika ngazi huku amefumba macho. "Mayu, shuka polepole," alikuwa akisema, mayu ndiye mama kwa Kisukuma. "Shuka basi, inatosha." Nilikuwa hata sijaigusa balbu ya zamani.

Tulipakana ukuta Bariadi mjini, upande huu cherehani zangu, upande ule meza yake, kompyuta yake na sanduku jeusi la droni. Jina lake nalijua, ila mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mpima tu, hata kwenye matangazo ya kanisani. Habari za alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wenye ukoo. Mimi nitasema niliyoyaona, na niliyoyasikia ukutani, kwa sababu ukuta ule ulikuwa mwembamba na yeye alipenda kuongea na mitambo yake. "Haya mama, amka," aliiambia kompyuta kila asubuhi, kwa upole ambao mkewe alisema yeye hajawahi kuuonja.

Kilichotukutanisha ni vitambaa. Ili picha za droni zikae sawasawa kwenye ramani, lazima chini pawekwe alama ambazo mahali pake pamepimwa. Wenzake walitumia plastiki. Yeye alisema plastiki inang'aa juani na kuichanganya kamera, kwa hiyo alitaka nguo: mraba wa marekani nyeupe, juu yake msalaba mpana wa kaniki nyeusi, pindo imara, na tundu kila kona la kupitishia kigingi. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya na mashela ya maharusi, sijawahi kurudishiwa kazi kama alivyonirudishia huyu.

"Mayu, mkono huu wa msalaba umezidi."

"Umezidi nini?"

"Umezidi kidogo."

"Na nani atakayeona, malaika?"

"Mimi nitajua," akasema, akaniachia kitambaa mezani na kuondoka kabla sijamtukana vizuri.

Nilifumua, nikashona upya. Nilikuwa namnung'unikia mpaka jioni, lakini moyoni nilimheshimu. Ni vizuri kuwa jirani wa mtu anayejali mkono wa msalaba ambao hakuna mwingine atakayeuona.

Siku ya kurusha alikuwa mtu mwingine. Hakula kitu kabla ya droni kushuka salama. Alitoka nje, akarusha vumbi kidogo hewani kwa vidole, akaangalia linakoelekea, kisha akaanza kuulalamikia upepo kwa Kisukuma, lugha aliyoiweka kwa ajili ya upepo, ng'ombe na wakwe. Kisulisuli kikipita barabarani, safari imevunjika. Mwewe nao walimtesa. Waliiona droni kama mgeni asiye na adabu, wakaishukia, naye akawa anakimbia uwanjani akipiga makofi na kupunga kofia, macho juu, miguu isijue inakokanyaga. Amewahi kutumbukia kwenye mtaro mbele ya wanafunzi wa shule nzima. Alitoka humo akiwa bado anaangalia juu.

Kazi zake zilikuwa za kila namna, na kila aliporudi alinipitia na tableti yake ili nione, niwe ninamshonea mtu au la. Wakulima wa pamba wa Itilima walimwita waone ni upande gani wa shamba majani yameanza kugeuka rangi kabla jicho la mtu aliyesimama chini halijatambua. Kiwanda cha kuchambua pamba kilitaka kujua bati gani limetoboka, pasipo kumpandisha mtu juu ya paa lile kuukuu. Mkandarasi wa barabara alikuwa na mlima wa kokoto, akataka kujua ukubwa wake. Mpima akauzungushia droni muda mfupi tu na jibu likapatikana, wakati vijana wa mkandarasi walikuwa wamejiandaa kushinda nao juani na kamba. Mto Simiyu ulipofurika na kulifunika daraja, ni yeye aliyewaonyesha watu wa wilaya ni kaya zipi zimezungukwa na maji na boti ipite wapi. Kule Meatu, tembo walipotoka porini na kuingia mahindini, wenye mashamba walipata picha ya kilicholiwa na kilichobaki, ubishi ukaisha.

Picha niliyoipenda mimi ni ya majaruba ya mpunga, Maswa. Kutoka juu yale maji yaliyogawanywa kwa matuta yalikuwa mazuri mno, nikamwambia nataka kitenge cha namna ile. Alicheka, lakini wiki hiyo hiyo aliniletea picha imechapishwa kwenye karatasi nene. Bado iko juu ya cherehani yangu.

Msemo wake ulikuwa huu: ndege haina mjomba. Ulianzia kwenye kesi ya kiwanja cha kanisa moja kule Nyalikungu. Wazee wa kanisa walisema mpaka uko hapa, jirani akasema uko pale, na kila upande ulikuwa na mashahidi wenye mvi na machozi. Mpima akarusha. Picha ikaonyesha mstari wa kijani hafifu, mabaki ya ua wa zamani wa minyaa ambao kwa aliyesimama chini ulikuwa umeshageuka vichaka tu. Mstari ulipita karibu na alikosema jirani. Mzee wa kanisa, ambaye kwa upande wa mama alikuwa ndugu yake Mpima kabisa, akamwambia, "Mwanangu, na sisi wajomba zako umetuonaje?" Naye akajibu, "Ndege haina mjomba." Watu waliangua kicheko, hata mzee mwenyewe. Tangu hapo msemo ukatembea. Niliwahi kumsikia muuza nyanya sokoni akiuambia mzani wake.

Aliupenda msemo wake. Alikuwa amekulia kwenye nchi ambayo kila jambo linaamuliwa kwa nani ni mtoto wa nani, na nadhani alichoka. Alitaka kitu kimoja duniani kisichojali. Mimi nilimwambia kitu kisichojali hakiwezi kuwa kizuri chote, akanijibu kwamba mimi ni fundi nguo, nimezoea kuongeza pale mteja aliponenepa. Tukanuniana siku nzima, kisha akaniletea mihogo ya kuchoma.

Huyo huyo mpenda ukweli alikuwa mwongo wa kawaida tu nje ya kazi. Mkewe akimpigia simu kumuuliza kama amekula, amekula, na sahani haijaonekana tangu asubuhi. Ukimuuliza ni umbali gani mpaka mahali fulani, mtu anayepima kwa sentimita, alikwambia "hapo tu," ukatembea mpaka viatu vikalia. Na uzio wa nyumba yake ulipinda vibaya sana. Nilimuuliza mbona hakuupima, akasema alimwachia fundi kwa sababu ni shemeji yake.

Sasa nije kwenye lile lililomvunja.

Kijiji kimoja njia ya Nkololo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinapanga matumizi bora ya ardhi yake: makazi yakae wapi, mashamba wapi, malisho wapi. Wakamwita Mpima awapigie picha ya kijiji kizima. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi yetu yote ina rangi ya gunia. Nilimshonea vitambaa vipya, marekani na kaniki, akaridhika navyo mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida. Wasaidizi wake wakaenda jioni kuvitandika na kuvipigilia vigingi, yeye akaenda asubuhi kurusha.

Alirudi na furaha. Alinionyesha picha hata kabla ya kuvua kofia. "Tazama usafi huu, mayu. Kule kwingine ng'ombe wananitembelea katikati ya kazi, mwendo wao unaharibu picha. Hapa hakuna hata ng'ombe mmoja wa kunichafulia." Na kweli, kwenye kona moja ya kijiji palikuwa na eneo kubwa, jeupe, tulivu, kitambaa changu kinaonekana katikati yake wazi kabisa. Niliuangalia msalaba wangu, nikajisifu.

Eneo lile lilikuwa ngitili. Wasiotujua niwaeleze: ngitili ni mahali ambapo familia inafunga nyasi wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikaza na kwingine kukiwa vumbi tupu, wanyama wapate pa kuponea. Mwisho wa kiangazi nyasi zake zinakuwa zimeliwa mpaka chini. Ukiikuta wakati huo, kinachokuambia kwamba ni ngitili na si jangwa ni ng'ombe walioko ndani. Mpima alilijua hilo. Alichunga utotoni, alizijua ngitili kabla hajajua kusoma. Lakini picha ilisema hakuna ng'ombe, hakuna njia mpya, hakuna moshi, naye akaandika kwenye ramani alichokiona: eneo wazi.

Mwenye ngitili alikuwa bibi mmoja, mjane, anayekaa na wanawe wawili na wake zao. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, picha ikamulikwa ukutani. Haya aliyanisimulia Mpima mwenyewe baadaye, tena na tena, kana kwamba mimi ningeweza kuyabadilisha. Bibi alisimama akasema, "Pale si patupu. Pale ndipo ng'ombe wetu wanapomalizia kiangazi." Mtu mmoja akauliza, mbona basi hawakuonekana? Bibi akasema siku ile walikuwa wameondolewa. Kwa nini? Hapo bibi akanyamaza. Mwenyekiti akamgeukia Mpima: "Mtaalamu, ndege yako inasemaje?"

Mpima akasema, "Picha inaonyesha eneo wazi."

Hakudanganya. Hilo ndilo lilimuuma baadaye kuliko yote, kwamba hakudanganya. Kijiji kikaamua eneo lile liwe shamba la pamoja la pamba, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Vijana walikuwa wanahitaji mahali pa kulima.

Kilichomnyamazisha bibi tulikuja kukijua kwa bahati. Alikuja mteja kwangu kutoka kijiji kile, mama mmoja, kushonesha gauni la kipaimara la binti yake. Kwenye meza nilikuwa na kitambaa cha Mpima, sijamaliza pindo. Yule mama alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Hiki umekitoa wapi?" akauliza.

"Nashona mimi. Ni vya jirani, vya kupimia ardhi."

Akakaa chini. Akaniambia kijijini kwao vitambaa hivi vilionekana alfajiri, vimepigiliwa ardhini, kimoja katikati ya ngitili ya bibi. Kwa watu wa ukoo ule, nyeusi na nyeupe ni nguo za mambo ya waliokufa. Huzitandiki ovyo, na ukikuta mtu kazitandika kwenye ardhi yako hukanyagi, wala hupitishi mnyama, mpaka mkubwa wa ukoo aje atazame. Tangazo la mtendaji wa kijiji kuhusu droni lilitoka kwa simu na kwenye mnada. Bibi hana simu na mnadani haendi. Basi akawaamrisha wanawe waondoe ng'ombe upesi, wawapeleke kwa wakwe, na watu wote wa mji wake, yaani boma lake, wakajifungia ndani. Ndani ya utulivu ule droni ikapita. Na darasani, mbele ya mwinjilisti na walimu na vijana wenye suruali za jinzi, bibi asingesema neno la mizimu wachekwe yeye na wanawe.

Yule mama alipoondoka niligonga ukuta. Mpima akaja, nikamweleza. Alikichukua kile kitambaa, akakiangalia pande zote mbili, akakikunja vizuri, akakaa nacho magotini mpaka chai niliyompa ikapoa.

"Nilifurahi," akasema mwishowe. "Unakumbuka nilivyofurahi? Nilikuwa natazama watu wakiogopa, nikaita usafi."

Kesho yake alikwenda kijijini. Trekta lilikuwa limeshatangulia. Ngitili ikilimwa haifumuliwi ikashonwa upya. Nyasi zile ni za miaka. Hata hivyo alimwendea mtendaji, akamwendea mwenyekiti, akaomba mkutano mwingine, akasema ramani yake ina kosa. Wakamuuliza kosa liko wapi, vipimo vimepotoka? Akasema hapana, vipimo ni sahihi. Picha si ya pale? Ni ya pale. Basi kosa ni nini? Akajaribu kueleza, na mtendaji, kijana mwenye heshima zake, akatabasamu, akamwambia, "Mzee wangu, wewe ndiye uliyetufundisha. Ndege haina mjomba."

Alirudi kwangu na maneno hayo, akayarudia bila kucheka. Sikumcheka na mimi, ingawa ulimi wangu mnaujua.

Baada ya hapo alibadilika, na sipendi kusema kwamba alibadilika kuwa bora, kwa sababu wanaosema hivyo hawakukaa upande wa pili wa ukuta. Ni kweli hakurusha tena droni kijijini kabla ya kuzunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani hayupo na kwa nini. Alikaa na akina mama visimani. Aliniomba nimshonee alama za rangi ya machungwa. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya kwa siku moja ikamchukua wiki, na waliokuwa wanamwita wakaanza kuita vijana wengine, wenye droni ndogo na haraka kubwa. Sikumsikia tena akiiamsha kompyuta. Asubuhi nilikuwa natega sikio, nasikia kiti tu. Nasikitika hata sasa nikiandika. Tulikuwa na mtu mmoja mjini anayejali hata kile kidogo kilichozidi, na tukampoteza kwa sababu ya siku moja aliyoifanya kazi yake vizuri.

Kiangazi kilichopita alinijia bila kofia. Akasema, "Mayu, nisindikize mahali. Peke yangu nimejaribu, nafika njiani narudi." Sikuuliza ni wapi. Nilifunga duka, nikapanda kwenye pikapu yake.

Njia nzima alikuwa akitaja vitu tunavyovipita, mti huu, kisima kile, kama mtu anayejifunza. Shamba la pamba lilikuwa limeshavunwa, vikonyo vimebaki. Hakupunguza mwendo pale. Mji wa bibi ulikuwa nyuma yake, umezungukwa na minyaa, umefagiliwa vizuri. Zizi lilikuwa wazi, mlango wake umeegemezwa ukutani, na ndani, penye samadi, bibi alikuwa amepanda mchicha. Ulikuwa umestawi sana.

"Mwadila, mayu," Mpima akamsalimu, akachuchumaa.

"Mwadila, baba. Karibuni, karibuni." Bibi alitutolea vigoda. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote, hilo likanitisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

Mpima alijitambulisha, ingawa bibi alimjua. Akasema alichokuja kusema. Alisema kwamba siku ile darasani yeye aliulizwa, na alikuwa na jibu lingine rohoni kwa kuwa ngitili anaijua tangu utoto, lakini akajibu kwa picha. "Naomba unisamehe, mayu."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Akatuambia wanawe wamehamisha ng'ombe, wamekwenda kusini, Katavi, kutafuta majani, na wake zao wamewafuata na watoto. Walisema watarudi mvua zikianza. Mvua zimeanza na kuisha. Kisha akamwangalia Mpima kwa matumaini ambayo ningependa nisingeyaona.

"Ile ndege yako nasikia inaona mbali. Haiwezi kuwaangalia kule walipo? Nijue tu kama wapo."

"Haifiki, mayu," Mpima akasema. "Inaishia hapa karibu."

"Ee. Basi."

Akainuka, akaingia ndani, akakawia. Tulisikia akihamisha vyombo. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bati juu ya sahani, amekishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya Mpima kama inavyompasa mgeni mwanaume kupewa kitu.

"Mnisamehe," akasema. "Kwenye mji huu mgeni hajawahi kunywa maji. Tangu nilipoolewa hapa, mgeni alikuwa anakunywa maziwa."

Mpima alikipokea. Akanywa yote, bila kupumzika, macho chini. Bibi akachukua kikombe, akachungulia ndani, akamwuliza kama amwongezee.